Kabla hujamnunulia mbwa vitamini, angalia kwanza sufuria yake

Mzee mmoja alitupigia simu kwenye kipindi cha asubuhi cha wafugaji. Hakutaka jina lake litajwe hewani, na hapa pia hatulitaji. Swali lake lilikuwa fupi. Mbwa wake watatu wanaolinda zizi la mbuzi walikuwa wamekonda, manyoya yamesimama, na dukani mjini alikuwa ameonyeshwa kopo la unga wa vitamini ambalo bei yake ilikaribia ya jogoo wawili. Je, alinunue?

Tulimuuliza: "Shikamoo mzee, kwani hao mbwa wanakula nini?"

"Marahaba mwanangu. Wanakula ugali wa pumba. Na tangu mvua ilowanishe ghala nawapa yale mahindi yaliyoharibika. Sisi hatuwezi kuyala, yana ukungu, lakini mbwa hana shida."

Afisa mifugo tuliyekuwa naye studio alimkatiza. Alimwomba asiwape tena chakula hicho, hata jioni ya siku hiyo hiyo. Bahati mbaya mbwa wawili walikuwa wameshachelewa, na walikufa kabla wiki haijaisha. Mzee alipotupigia tena, nje ya hewani, alitueleza kwamba alipomkuta wa kwanza amelala chali mlangoni pa zizi, damu inamtoka puani, mawazo yake yalikwenda moja kwa moja kwa jirani waliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba. Alikuwa ameshachukua fimbo. Kilichomrudisha ni ile simu aliyokuwa amepiga redioni.

Tangu siku hiyo tumepokea ujumbe mwingi wa wasikilizaji wakiuliza mbwa alishwe nini, aongezewe nini, na kipi ni hatari. Tumeukusanya na kuandika makala haya ili uyasome taratibu kwenye simu yako.

Mahindi yenye ukungu si chakula cha mbwa

Ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu unaweza kutengeneza sumu ambayo wataalamu wetu huiita sumukuvu. Haina harufu wala ladha. Zaidi ya yote, haifi jikoni. Unaweza kupika ugali ukaiva mpaka ukashika chini, kuvu wenyewe wakafa, na sumu waliyoiacha ikabaki pale pale.

Kwa mbwa wa vijijini kuna jambo jingine linaloongeza hatari. Mahindi yakikobolewa, sehemu kubwa ya sumu huondoka na ganda la nje. Familia inayokula sembe inapata afueni kidogo, na mbwa anayepikiwa pumba anabeba ile sehemu iliyoondoka. Tena anaila kila siku, asubuhi na jioni, bila kubadilisha mboga. Ini lake ndilo linaloumia. Mwanzo anakataa chakula na kupoa, halafu anatapika. Ukimfunua mdomo unakuta fizi na weupe wa macho vimegeuka manjano. Wengine tumbo hujaa maji, na kinyesi huwa cheusi kama lami au chenye damu. Akifika hapo, kumwokoa ni kazi ngumu.

Usidhani hili ni tatizo la vijijini pekee. Desemba 2005 nchini Marekani, chakula cha mbwa cha mifuko kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumu hii kiliondolewa madukani baada ya kuua mbwa zaidi ya 100. Hao walikuwa mbwa wa mjini, wenye daktari wao na bakuli la bati linalong'aa.

Na sumu hii haichagui. Mwaka 2004 upande wa mashariki ya Kenya, Makueni na Kitui zikiwamo, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu na 125 wakafariki. Mwaka 2016 ikawa zamu yetu hapa kanda ya kati: katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua watu 68, na 20 kati yao wakafariki. Kwa hiyo mbwa anapokufa kwa mahindi ya ghala lako, swali la kwanza liwe juu ya hilo gunia: nani mwingine anakula humo? Tulimuuliza mzee wetu hivyo hivyo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kuku wanapewa, na bibi amechukua debe moja la kutengenezea pombe.

Kuku nao hudhurika. Ng'ombe wa maziwa akilishwa nafaka hiyo, sehemu ya sumu hutokea kwenye maziwa ambayo watoto watakunywa. Kupika pombe hakuiondoi. Mahindi yaliyoota ukungu yachomwe au yafukiwe mbali na mifugo, uchungu wa hasara ukiwepo.

Njia ya kuepuka haya inaanza wakati wa mavuno. Anika kwenye turubai, siyo kwenye udongo. Kujua kama yamekauka, chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia mahindi kama robo yake, ongeza chumvi kavu kidogo, funga na utikise vizuri, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji, rudisha juani. Ikibaki chini bila kuganda, yanakaribia kufaa kuhifadhiwa, na jua la siku moja zaidi halitayadhuru. Baada ya hapo mifuko ile isiyopitisha hewa, ambayo wengi mnaijua kwa jina la kinga njaa, inasaidia sana.

Ugali mtupu nao haumtoshi

Tuseme sasa unga ni safi. Je, mbwa anaweza kuishi kwa ugali?

Tumbo lake linaweza kuusaga. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walionyesha kwamba mbwa amepata katika kukaa kwake na binadamu uwezo wa kumeng'enya wanga ambao mbwa mwitu wa Ulaya hana kwa kiasi hicho. Kwa hiyo anayekwambia mbwa ni mnyama wa nyama tu, anatia chumvi. Lakini kushiba na kulishwa ni mambo mawili tofauti.

Ushahidi wa hili ni wa zamani na unatuhusu sisi walaji wa mahindi. Miaka ya 1920 daktari Joseph Goldberger wa Marekani alikuwa akichunguza ugonjwa wa pelagra uliokuwa ukiua maskini wa majimbo ya kusini, watu ambao chakula chao kikuu kilikuwa mahindi. Mbwa waliolishwa chakula kama kile waliugua ugonjwa unaofanana nao. Ulimi ulikuwa unageuka rangi mpaka weusi, mdomo unatoka vidonda na mate yenye harufu, wanaharisha, wanakonda na kufa. Waliuita ugonjwa wa ulimi mweusi. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem wa Wisconsin aliwaponya mbwa wa namna hiyo kwa niasini, vitamini iliyomo kwa wingi kwenye ini, nyama, samaki na karanga. Muda mfupi baadaye binadamu wenye pelagra nao wakaanza kutibiwa kwa vitamini hiyo hiyo. Mbwa ndiye aliyeonyesha njia.

Kwa hiyo ugali wa mbwa unahitaji mboga, kama wako. Na kwa wengi wetu mboga ya bei nafuu ni dagaa. Dagaa ana protini nyingi, ana hiyo niasini, na kwa kuwa analiwa na mifupa yake analeta kalsiamu pia. Wale wadogo waliovunjika vunjika, wanaouzwa kwa ajili ya kuku, wanafaa, ila uwachague: wasiwe na ukungu, wasinuke mafuta yaliyochacha, na uwaoshe mchanga. Dagaa wa pwani waliochemshwa kwa maji ya chumvi waloweke kwanza na umwage maji.

Kiasi gani? Tuchukue mbwa wetu wa kawaida wa kienyeji, mzima, mwenye kilo kama 15, anayetembea na mbuzi mchana kutwa. Huyu anahitaji kalori zinazokaribia 1,000 kwa siku. Gramu 200 za unga wa dona zilizopikwa ugali, gramu 60 za dagaa wakavu waliochemshwa, na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya alizeti vinamfikisha hapo, tena na protini ya kutosha. Kwa hesabu ya sokoni, kilo moja ya dagaa itamlisha mbwa mmoja zaidi ya wiki mbili. Hujui kilo zake? Mfunge kwenye gunia safi kichwa kikiwa nje, umtundike kwenye ile mizani ya kupimia mazao. Atakasirika, lakini utajua.

Siku dagaa hakuna, weka mayai mawili matatu ya kuchemsha, au utumbo na damu kutoka machinjioni vikiwa vimepikwa, au maharage yaliyoiva kweli kweli. Maziwa ya mgando ni mazuri na hayamharishi kama maziwa mabichi yanavyofanya kwa mbwa wengi. Mashudu ya alizeti tunaulizwa sana: yana protini, lakini makapi ni mengi, kwa hiyo konzi moja ya kuchanganyia inatosha, yasiwe ndiyo mboga.

Hayo ni makadirio ya kuanzia tu. Kipimo cha kweli ni mkono wako ubavuni mwake. Mbavu zihisiwe kwa vidole kwa urahisi, lakini usiweze kuzihesabu ukiwa umesimama mbali. Zikionekana zote, ongeza. Ukibonyeza usizipate, punguza. Jike anayenyonyesha watoto wengi anaweza kuhitaji hata mara tatu ya kawaida yake, na hapa ndipo wengi wetu tunapokosea: tunamwona amekonda, tunasema ni uzazi, tunamwacha. Watoto wakiachishwa wapewe mara tatu au nne kwa siku, kidogo kidogo. Mbwa wa kazi apewe kidogo asubuhi na mlo mkubwa jioni akishapumzika, maana kukimbia tumbo likiwa limejaa si salama kwake. Maji yawepo muda wote, hata kule malishoni.

Wapo wasikilizaji wetu ambao kwa sababu ya dini mbwa haingii ndani wala hagusi vyombo vya nyumbani. Hilo halizuii kumlisha vizuri. Tenga sufuria yake na bakuli lake, pika nje, yeye ale kule kule zizini. Kwa usafi tu tungemshauri kila mtu afanye hivyo.

Ini lenye malengelenge

Sikukuu ikifika na mbuzi wakachinjwa, ini au pafu likikutwa na uvimbe wenye maji kama malengelenge, watu hulitupa. Na likitupwa, nani analikuta? Mbwa.

Ule uvimbe ni watoto wa tegu. Mbwa akiula mbichi, tegu wadogo sana wanakomaa kwenye utumbo wake kwa mamia, na mara nyingi yeye mwenyewe haonyeshi kuumwa. Mayai yao yanatoka na kinyesi, yanashika kwenye manyoya, kwenye majani, kwenye maji ya bwawa. Mtoto anayemshika mbwa kisha akala bila kunawa anaweza kuyameza, na miaka mingi baadaye uvimbe kama ule wa mbuzi ukaota kwenye ini lake au pafu lake. Mara nyingi tiba yake ni upasuaji. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ni miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi duniani, na kwenye jamii za wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania ugonjwa upo.

Nyama ya ndani yenye uvimbe ichomwe au ifukiwe kwenye shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua. Ile iliyo safi, ichemshe angalau nusu saa kabla ya kumpa. Na mpe mbwa mzima dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu, ukimwambia muuzaji wa duka la dawa za mifugo kwamba unataka yenye prazikwanteli, kwa sababu si kila dawa ya minyoo inaua tegu. Watoto wa mbwa huanza dawa ya minyoo ya kwao wakiwa na wiki mbili, na hurudiwa kila wiki mbili hadi wafikishe miezi mitatu.

Sasa lile kopo la vitamini

Turudi kwa swali la mzee. Mbwa akikonda, maoni yetu ni kwamba fedha ya kwanza iende kwenye dawa ya minyoo, ya pili kwenye dagaa. Mpe mwezi mmoja. Akiwa bado amekonda, mwone mtaalamu wa mifugo, kwa sababu kuna magonjwa ya kupe na mengine ambayo vitamini haigusi. Unga wa kopo unakuja baada ya hapo, kama unakuja kabisa.

Mbwa mzima anayekula mchanganyiko tulioueleza, na mara moja moja kipande cha ini lililopikwa, hana mapungufu mengi ya kuzibwa na kopo. Vitamini C, ambayo wauzaji hupenda kuisifia, mwili wa mbwa mwenye afya huitengeneza wenyewe. Kalsiamu ni suala la kweli kwa mtoto wa mbwa anayelishwa nyama tupu au ugali mtupu: mifupa yake hulegea, miguu ikapinda, akavunjika kwa kuruka tu. Dawa yake ni kubadili mlo. Ganda la yai moja lililokaushwa na kusagwa laini lina kalsiamu kama gramu mbili, na linaweza kugawanywa kwa siku mbili tatu. Lakini mtoto anayekula dagaa wazima au chakula kamili cha dukani usimrundikie. Kalsiamu ikizidi, hasa kwa mbwa wa aina kubwa wanaokua, mifupa huharibika vile vile.

Vitamini za kuku zinazochanganywa kwenye maji zimepimwa kwa kuku. Vidonge vya maumivu vya binadamu kama parasetamoli, diklofenaki na ibuprofeni vinaweza kumuua mbwa, hata ukimpa kwa huruma.

Mwenye uwezo wa kununua chakula cha mfuko asome maandishi yake kabla ya kutazama picha ya mbwa aliyenona. Tafuta kama kimeandikwa kuwa ni chakula kamili au ni cha nyongeza tu, kama ni cha mbwa wazima au wanaokua, na tarehe ya kuisha. Protini kwa mbwa mzima isipungue asilimia 18, kwa anayekua 22 na ushee. Vitu vilivyomo huandikwa kwa kufuata uzito, kwa hiyo mahindi yakitajwa kwanza na nyama ikiwa ya sita, unajua unanunua nini. Tahadhari yetu kubwa ni juu ya kile kinachopimwa kwa kilo kutoka kwenye mfuko uliofunguliwa. Mafuta yake yanachacha haraka kwenye joto letu, na mfuko ukikaa karibu na sakafu yenye unyevu unarudi kwenye habari ile ile ya ukungu.

Mabaki ya mezani

Mifupa ya kuku na mbuzi iliyopikwa huvunjika kuwa na ncha kali, inachoma koo na utumbo. Mchuzi wenye vitunguu vingi huharibu damu ya mbwa, na akiupata kila siku dalili zinakuja polepole. Machicha ya pombe bado yana kilevi. Na ninyi wenzetu wa Dodoma mnaolima zabibu: mbichi au kavu, zinaweza kuua figo za mbwa, na haijulikani mapema ni mbwa yupi zitamdhuru, kwa hiyo wakati wa mavuno afungwe mbali na shamba na mbali na makapi ya kiwanda cha mvinyo.

Mbwa wa tatu wa mzee alipona. Ilimchukua wiki kadhaa, na mwanzo alikuwa anakula konzi moja tu ya uji wenye dagaa waliosagwa. Mzee amechukua watoto wawili kwa yule yule jirani wa mpakani, ambaye jike wake alikuwa amezaa. Gunia lililobaki alilichoma, na bibi naye alimwaga lile debe, ingawa tumeambiwa walinuniana siku mbili.

Alhamisi ijayo baada ya taarifa ya habari ya saa moja asubuhi, afisa mifugo atakuwa tena studio kuzungumzia chanjo ya kichaa cha mbwa: mbwa achanjwe akiwa na umri gani, na ufanye nini mtu akiumwa. Tutumie swali lako kwa ujumbe mfupi mapema, na utaje kijiji chako.